Nilivyookoa Maktaba kwa Kuogelea

Jumatatu, 2 Juni

Sijawahi kumwambia mtu jambo hili, hata mama: sijui kuogelea. Leo nimejiandikisha kwenye mashindano ya kuogelea.

Sababu ni maktaba. Shule yetu hapa Bwera ina chumba kimoja cha ziada. Ndani yake mna rafu tatu za vitabu, mimi Baluku, na Sophie, msichana wa Butembo, Kongo. Sisi wawili ndio Chama cha Wasomaji. Nobert, nahodha wa michezo, anakitaka chumba hicho aweke mipira na viatu vya matope. Asubuhi mwalimu mkuu, Madamu Kabugho, alitangaza mbele ya shule nzima kwamba amechoka na kesi yetu. Jumamosi shule zinashindana kuogelea Ziwa Edward, kule Katwe. Chama kitakachorudi na kikombe kitapewa ufunguo.

Sophie alisema yeye na viboko hawajazoeana. Nikabaki mimi.

Nobert alicheka mpaka akaegemea mlingoti wa bendera. Akasema, "Profesa, wewe hata mvua inakushinda!"

Nina kitabu cha kuogelea, cha zamani, chenye picha. Mchwa wamekula sura ya kupumua. Si neno. Kupumua najua.

Jumanne, 3 Juni

Sikukuu ya Mashahidi wa Uganda. Hakuna shule. Nilimwambia mama naenda Katwe kumsalimia mjomba Kataliko, mchimba chumvi. Si uongo. Nilimsalimia.

Katwe kuna maziwa mawili. Kuna Ziwa Edward, lenye samaki, viboko na watazamaji. Nyuma ya kilima kuna ziwa dogo la chumvi, ambalo halina hata samaki. Nikachagua la chumvi. Hakuna kiboko. Hakuna Nobert.

Nililala chali kama picha ya kwanza inavyoelekeza. Nikaelea! Mara ya kwanza tu! Nikakunja mikono kifuani. Bado naelea. Nikajaribu kuzama, nikashindwa. Mwishowe nikafungua kitabu na kusoma sura ya nne nikiwa humo humo majini. Ni kipaji, sina namna nyingine ya kueleza. Macho yaliniwaka, na kidonda cha goti kilinikumbusha Mashahidi mmoja mmoja. Kila ustadi una gharama yake.

Wachimba chumvi hawakufurahi. Mama mmoja alinifokea, "We profesa, toka huko! Hiyo chumvi iko ya kukula, si kitanda!" Mjomba alicheka tu, akasema hatimaye ukoo wetu umepata samaki.

Alhamisi, 5 Juni

Sijarudia mazoezi. Mtu akishajua amejua. Nobert anaogelea mtoni kila jioni na kurudi akitetemeka. Nimemwonea huruma.

Leo alinizuia mlangoni mwa maktaba, akapima ukuta kwa mikono, akasema viatu vitakaa huku na mipira kule. Kwa mara ya kwanza maishani nilimjibu. Nilisema tutaonana majini. Sauti ilitoka ndogo, lakini ilitoka. Aliniomba nirudie. Sikurudia.

Sophie amefuta vumbi rafu zote na kuacha nafasi ya kikombe, kati ya kamusi na Biblia. Aliniuliza, "Weye unajua kuogelea kweli, ao iko mudomo tu?" Nikamjibu kwamba mimi husoma majini. Akaendelea kufuta.

Jumamosi, 7 Juni

Filimbi ililia. Nobert akachomoka kama mamba. Mimi sikuwa na haraka. Niliingia mpaka kiunoni, nikalala chali, nikakunja mikono.

Ziwa halikunipokea.

Nilishuka moja kwa moja. Hapo ndipo nilipoikumbuka ile sura iliyoliwa na mchwa. Nilipiga kelele, nikanywa maji, nikapiga kelele tena. Maji hayakuwa na chumvi hata chembe. Nadhani washiriki walipaswa kujulishwa mapema.

Nobert alikuwa anaongoza. Alisikia, akageuka, akarudi, akanikamata shingo. Tulipigana kidogo, maana nilitaka kumpanda kichwani. Kisha ikafika boti ya doria. Afande akatuangalia, akaamuru, "Nyinyi wawili! Simama!"

Tukasimama. Maji yalitufika kiunoni.

Kikombe kimekwenda kwa shule moja ya Kasese mjini. Kwenye gari la kurudi Nobert alisema mara moja tu: "Profesa, ningekuacha unywe ziwa yote." Alionekana amechoka. Sophie aliniuliza nilijifunzia wapi. Nikamwambia. Akafunika uso kwa daftari. "Mu mayi ya chumvi? Baluku! Kule hata mulevi anaelea na kiti yake!"

Yeye ni mtu wa kukata tamaa haraka.

Jumanne, 10 Juni

Madamu Kabugho ametangaza: hakuna kikombe, hakuna ufunguo. Vitabu vibaki vilipo kwa sasa.

Basi nimeshinda! Nobert asingerudi, kikombe kingekuwa chake na vitabu vingekuwa nje. Alirudi kwa sababu nilizama. Nilizama kwa sababu ya mazoezi yangu. Nimeipitia hesabu hii mara kadhaa na sioni kosa. Nilimweleza Sophie. Alisema nikamshukuru Nobert.

Nilikwenda. Nilisimama karibu naye mapumziko yote. Kengele ikalia. Nikamwachia kile kitabu cha kuogelea juu ya dawati, nikiwa nimekunja ukurasa wa sura ya kumaliza mbio. Naona ndipo penye udhaifu wake.

Madamu alikuwa na tangazo la pili. Mwisho wa mwezi kuna mbio za kupanda mlima kule Bugoye. Masharti ni yale yale: kikombe, ufunguo. Nobert alinyoosha mkono. Nami nikanyoosha. Sophie aliniuliza kama nimewahi kupanda mlima mbio. Nikamwambia nitafanya mazoezi.

Baada ya shule nilipanda boda mpaka juu kabisa ya kilima. Nikamlipa dereva, nikakaza kamba za viatu, nikakimbia kurudi chini mpaka Bwera. Sikuchoka hata kidogo. Nina kasi ya ajabu.

Nilipita maktaba, nikasogeza kamusi kidogo, nafasi ya kikombe iongezeke.