Uzinduzi wa Tope la Nyamhelela

Sauti ilifika mwaloni kabla ya gari. Ilitokea nyuma ya miamba, ikagonga jiwe la kwanza, ikarudi, ikagonga la pili, hata kila neno tukalisikia mara mbili, na maneno mazito mara tatu.

"Tangazo, tangazo, tangazo! Kamati Maalumu ya Kuoanisha Tope na Malengo Endelevu inayo furaha kuwatangazia wananchi wote, kuanzia hapa Nyamhelela hadi Igoma, kwamba tope lenu limefaulu! Narudia: tope lenu limefaulu! Uzinduzi ni Jumamosi. Nyote mnakaribishwa!"

Sauti ilikuwa yangu, iliyorekodiwa; mimi mwenyewe nilikuwa nimetangulia mwaloni. Cheo changu ni Afisa Uhamasishaji wa Kamati, na matangazo yote na tungo zote za Kamati natunga mwenyewe. Ushairi sikufundishwa na mtu. Mizani nilijifunza kwa vidole, vina nilijifunza kwa hasira.

Wanawake waliokuwa wakianika dagaa waliinua vichwa.

"Nani kafaulu?" aliuliza Kija, yule mwembamba mwenye sauti ya kengele.

"Tope," alijibu Mama Moza.

"Kumbe! Lilikuwa linasoma wapi?"

Nilicheka kidogo, kwa kiwango kinachoruhusiwa kazini.

Mama Moza ndiye kiongozi wa wanawake wa mwalo huu. Kila alfajiri mitumbwi ikirudi na dagaa, wao huifuata majini kwa miguu, na kati yao na mitumbwi liko tope: jeusi, lenye kung'aa kama kiatu cha bwana harusi, na lenye harufu ambayo Kamati imeielezea kuwa "ya kipekee". Miguu yao inawasha, kisha inatoka vidonda. Mama Moza huvaa buti za mvua, moja nyeusi na nyingine ya kijani, kwa sababu buti pacha za hizo zimebaki chini ya tope. Ombi lao kwa serikali lilikuwa moja tu: tope litolewe kabla ya masika. Masika yakija, ziwa hupanda, tope husukumwa hadi kwenye vichanja vya kuanikia, na mahali pengine pa kuanika hawana.

Ombi hilo tulilichukua kwa uzito mkubwa. Tuliliundia Kamati.

Ni lazima nieleze jinsi tope lilivyofaulu, maana mtaani kuna maneno. Kwanza alitumwa Elias, mtaalamu wetu wa maabara, akalipime. Akarudi na taarifa fupi isiyo na adabu: mna oili za gereji, mna madini ya risasi ya betri zinazopondwa kule juu mlimani, mna mabaki ya ngozi. Pendekezo: litolewe.

Mwenyekiti wetu, Dokta Cleophace, aliisoma akavua miwani kwa huzuni. Dokta Cleophace amesomea Ulaya, jambo ambalo hulitaja kabla ya chakula na baada ya chakula.

"Elias," alisema, "wewe umeangalia tope tu."

"Ndiyo, Dokta. Niliambiwa nipime tope."

"Na maendeleo endelevu je? Malengo ni kumi na saba, bwana. Wewe umechukua afya na samaki, hayo mengine umeyaacha nje kwenye mvua. Huo ni ubaguzi wa malengo."

"Dokta, lakini watu wana vidonda."

"Vidonda ni vya leo. Sisi tunazungumzia uendelevu."

Kuna watu wanaodai kwamba tope halikutolewa kwa sababu fungu la kulichimba lilikwisha kwenye kuunda Kamati ya kuamua kama lichimbwe. Huo ni uzushi. Fungu lilibaki kidogo, tukanunua fulana.

Kikao cha tathmini kilifanyika katika hoteli yenye kiyoyozi, na kwa kuwa tunaheshimu ushirikishwaji wa wadau, tope lenyewe lilialikwa. Lililetwa kwenye ndoo, likawekwa juu ya kiti kilichofunikwa kitambaa cheupe, mbele yake kibao kimeandikwa "MASHAPO", jina ambalo tope huitwa likiwa mbele ya wasomi. Lilipewa maji ya chupa. Mwenyekiti aliliuliza kama lina pingamizi lolote. Halikuwa nalo. Wanawake wa mwaloni hatukuwaalika, maana viti havikutosha.

Kisha tukapita lengo moja baada ya jingine, kijani kwa kufaulu, nyekundu kwa kushindwa. Kutokomeza umaskini: wajumbe wote walikuwa wamelipwa posho kwa sababu ya tope. Kijani. Usawa wa kijinsia: linanasa wanaume na wanawake bila upendeleo. Kijani. Amani na haki: halijawahi kuandamana. Kijani. Tabianchi: halitoi moshi. Hapo Elias alinyoosha mkono akasema linatoa mapovu, na ndoo, kwa bahati mbaya, ikamuunga mkono kwa kusema *blup*. Mwenyekiti akaamua kwamba povu si moshi. Kijani. Ushirikiano: gereji, waponda betri na wachuna ngozi wamekutana humo ndani bila hata kuitwa mkutano. Kijani iliyokolea.

Afya na viumbe wa majini tuliwapa nyekundu, maana sisi si waongo. Lakini nyekundu mbili zikizungukwa na kijani kumi na tano, ukiziangalia kwa mbali hazionekani. Tuliziangalia kwa mbali.

Hivyo ndivyo tope la Nyamhelela lilivyofaulu kwa daraja la kwanza, likatoka kwenye ukumbi kwa makofi, likibebwa na mhudumu aliyeziba pua kwa heshima.

Gari la matangazo lilipopita, Mama Moza alinijia akijifuta magamba mikononi.

"Shikamoo, Mama Moza."

"Marahaba, Suhaib mwanangu. Kwa hiyo halitolewi."

"Kitu kilichofaulu hakitolewi, mama. Kinaendelezwa."

"Na masika?"

"Masika yako nje ya mawanda ya tathmini."

Aliitazama miguu yake. "Na sisi? Tuko ndani ya hayo mawanda?"

"Nyinyi ni wanufaika."

Alitikisa kichwa polepole. Nilidhani amefurahi.

"Haya. Huo uzinduzi wenu," alisema, "utakuwa wa kweli, au wa kupiga picha na kuondoka?"

Nikahisi damu inanipanda. "Mama, mimi nikipanga uzinduzi, umepangwa!"

"Nauliza tu, mwanangu. Maana kisima kikizinduliwa, mgeni rasmi anakunywa maji kwanza."

"Anakunywa."

"Na kile choo cha shule, mgeni rasmi aliingia?"

"Aliingia."

"Akakaa?"

"Alikaa muda wa kuridhisha."

"Basi sawa. Mambo yafuate utaratibu." Akarudi kwenye dagaa zake, na nikamsikia Kija akicheka hadi akakaa chini.

Usiku huohuo niliandika kwenye ratiba, kati ya shairi langu na soda: "Mgeni rasmi kutumia mradi." Sikuona ajabu. Ratiba isiyo na kipengele hicho huonekana haijakomaa.

Jumamosi mwalo ulipendeza. Palikuwa na turubai, viti vya wakubwa, na utepe mwekundu uliofungwa kati ya mitumbwi miwili. Mgeni rasmi tuliyemwalika alimtuma mwakilishi. Mwakilishi akapata udhuru akamtuma mwakilishi wake. Huyo naye alipoambiwa uzinduzi wenyewe ni wa nini, akamwomba Dokta Cleophace amwakilishe. Kwa hiyo Dokta alijikaribisha, akajishukuru kwa kufika, akajipa nafasi ya kusema. Alikuwa amevaa suti ya rangi ya maziwa.

"Ndugu wananchi," alisema, "nilipokuwa nasoma Ulaya sikuona tope kama hili. Tope hili ni salama, ni jumuishi, ni rafiki!"

Ndipo nikaitwa mimi. Nilisimama, nikasubiri ziwa litulie, nikasoma:

*Tope letu la thamani, limelala kwa adabu,*
*Halipigi mtu chini, halijatoa adhabu,*
*Linakaa tu majini, halimpi mtu tabu,*
*Tope ni letu jamani, tulipe yake thawabu.*

Kamati ilipiga makofi. Hesabu mizani kama una shaka. Nane kwa nane, kila mstari.

"Kipengele kinachofuata," nikatangaza, "mgeni rasmi kutumia mradi!"

Dokta aliniinamia. "Kutumia nini?"

"Tope, Dokta."

"Nani kaandika hivyo?"

"Utaratibu, Dokta."

Alikata utepe. Akanyoosha mguu, akaligusa tope kwa ncha ya kiatu, akageuka kurudi. Waandishi wa habari wakapiga kelele: "Mheshimiwa, picha haijatoka! Ingia kidogo!" Na hapo Kija akaanza kuimba, wanawake wote wakadakia, wakipiga mabeseni:

*Mgeni shuka majini, tope lako la adabu,*
*Viatu acha pembeni, usituletee tabu!*

Walikuwa wamechukua vina vyangu bila ruhusa. Nilihesabu mizani kwa vidole, kwa chuki. Ilitimia.

Mama Moza alivua buti zake, ile nyeusi na ile ya kijani, akazishika kwa mikono miwili kama anayetoa zawadi. "Mheshimiwa, chukua hizi. Humo ndani hamuingiwi bila buti."

Alisema kwa wema, naapa. Dokta alizitazama buti, akazitazama kamera. Mtu wa kuvaa buti ni mtu anayeogopa kitu.

"Asante, mama," akasema, akivua viatu na soksi. "Mimi na tope hili hatuhitaji kizuizi."

Hatua ya kwanza ilikwenda vizuri. "Mnaona?" alisema. Hatua ya pili ilimpeleka magotini. Ya tatu hakuipiga yeye, ilipigwa na tope. *Blup.*

"Dokta, usitikisike!" Elias alipaza sauti kutoka chini ya turubai. "Kila ukitikisika linakuvuta!"

Dokta alitikisika. Suti ya maziwa ikawa chai, kisha ikawa kahawa, hadi mapajani.

"Suhaib," aliniita kwa sauti ya chini, "nitoe."

Nilikuwa nimeshika kipaza sauti, na kipaza sauti ni mali ya Kamati. Siwezi kukiacha mchangani. Kijana mmoja wa pikipiki akaniomba nirudie ule mstari wa pili wa shairi. Nilimjibu kwamba shairi haliwajibiki kwa matukio ya baadaye.

"Linawasha!" Dokta alisema. "Jamani, linawasha!"

"Ni la kipekee," Kija alimkumbusha.

Wanawake walikuwa tayari wameleta kamba, ile nene ya kuvutia mitumbwi. Walimrushia ncha moja, Dokta akajifunga kiunoni. Upande wa pili wakajipanga, Mama Moza mbele, peku. Kisha hawakuvuta.

"Vuteni!" alisema Dokta.

"Tutavuta, mheshimiwa," alisema Mama Moza. "Tunataka tu kuelewa. Tope limefaulu. Mtu akiwa kwenye kitu kizuri tunamtoa kwa sababu gani? Kamba hii ni ya kuokolea. Anaokolewa aliye hatarini. Wewe uko hatarini?"

"Nina changamoto!"

Mama Moza akageuka kwa wenzake. "Ana changamoto."

"Changamoto hatuvuti!" waliitikia wote.

"Niko katika mazingira yenye fursa ya kuboreshwa!"

"Kija, kunja kamba, mama. Dagaa zinaungua na jua."

"Ngojeni! Ngojeni!"

Mama Moza alinyoosha mkono kwangu bila kunitazama. Sijui ni kitu gani kilinifanya nimpe kipaza sauti. Alikifunga kwenye ncha ya kasia, akakifikisha mdomoni kwa Dokta, taratibu, kama anayemlisha mgonjwa uji.

Dokta Cleophace aliangalia kamera, aliangalia Kamati yake, ambayo ilikuwa inaangalia soda. Akajikuna mahali ambapo mgeni rasmi hajikuni. Kisha akafungua mdomo.

"Hatari! Tope hili ni hatari!"

Sauti ikaenda kwenye miamba, ikagonga jiwe la kwanza, ikarudi: hatari. Ikagonga la pili: hatari. Hata Igoma nadhani walisikia. Elias alivua miwani akaifuta, akaivaa tena, akaanza kupiga makofi peke yake.

"Vuta!" alisema Mama Moza.

Walivuta kama wanavyovuta mtumbwi uliojaa, kwa wimbo na kwa visigino. Tope lilinung'unika. Mguu wa kulia ukatoka, mweusi, umevimba na kuwa mwekundu kwa juu, sawa kabisa na miguu ya wale wanawake. Mama Moza akainua mkono. Kamba ikasimama. Mguu wa kushoto ukabaki ndani.

"Na masika, mheshimiwa?" aliuliza.

Nilitaka kumsaidia Dokta. Nilitaka kusema kwamba masika yako nje ya mawanda. Lakini niliutazama mguu ule, nikaitazama miguu ya Mama Moza mchangani, vidonda vyake vya zamani na vya jana, na kwa mara ya kwanza maishani kina hakikunijia.

Dokta alikishika kipaza sauti kwa mikono yote miwili.

"Mama Moza," alisema, "nakuahidi wewe, mbele ya hawa wote: kabla tone la kwanza la masika halijadondoka, tope hili litakuwa limetoka, lote, na halitamwagwa penye mtu. Na siku ya kuchimba nitaingia mimi wa kwanza, mama. Ila siku hiyo, tafadhali, nitaziomba hizo buti."