Mkurugenzi Mkuu wa Makumbi

Jumatatu, 1 Machi 1999. Diani.

Balaa! Mkuu wa kituo chetu cha utafiti, Dakta Thoya, ametuita asubuhi na mapema kabla sijamaliza chai. Kumetokea mfuko mpya wa fedha za utafiti. Nikafurahi. Kisha akasema masharti. Mfuko huu haumtaki msomi mwenye mawazo peke yake. Unataka msomi aliyefunga ndoa na kiwanda, yaani mshirika: kampuni, hoteli, chochote kinachouza kitu, chenye barua yake na muhuri wake. Mwisho wa kuomba ni Ijumaa ya tarehe kumi na tisa. Atakayekosa mshirika atarudishwa kampasi kuu, bara, kusimamia maabara ya mwaka wa kwanza.

Mimi nimewahi kukaa kule. Baridi ya kukata masikio, na wanafunzi wanaojiunguza nyusi kila Alhamisi. Sirudi. Mimi Mbarak siwezi kuzaliwa pwani, nisomee bara, nirudi pwani, halafu nirudishwe bara tena kama furushi.

Nimemwuliza Concepta wa meza ya pili kama ana mshirika. Hana. Vizuri. Huyu Concepta ametoka Kakamega na kwa miaka miwili amekuwa akiwatafiti akina mama wa Munje wanaoloweka makumbi, maganda ya nazi. Munje ni kwetu! Kaja kutoka milimani kutafiti shangazi zangu, nami sikuulizwa hata kwa adabu.

Jumatano, 3 Machi.

Nimepata! Tumbili.

Hoteli zote za Diani zinalia tumbili. Wanaiba mikate mezani, wanawakodolea wageni macho, mmoja alimvua bibi wa Kijerumani miwani. Nimekwenda kwa Owen, meneja wa hoteli moja ya ufuoni, nikamwambia nina dawa ya kisayansi. Mkate uliopakwa pilipili mbuzi. Tumbili akionja mara moja hatarudi, naye atawaambia wenzake. Owen alikuna kidevu, akasema basi nije Ijumaa nimwonyeshe, na nikifaulu atakuwa mshirika wangu na muhuri atanigongea hapo hapo.

Alasiri imekuja habari kutoka Munje. Mama mkwe wa shangazi Mwanaima amefariki. Inna lillahi. Maziko ni kesho asubuhi, halafu matanga siku tatu. Nimefikiri sana. Kesho ni siku ya kutwanga pilipili. Keshokutwa ni maonyesho. Marehemu, Mungu amrehemu, hawezi kunigongea muhuri. Nimetuma ratili mbili za sukari pamoja na salamu nzito.

Ijumaa, 5 Machi.

Niandike kwa ufupi maana macho bado yanawasha.

Tuliweka mikate mezani kando ya bwawa la kuogelea. Owen alisimama na wafanyakazi wake. Mimi nilikuwa na koti jeupe. Akaja tumbili mmoja mzee. Akachukua mkate. Akaunusa. Akanitazama. Akashuka taratibu hadi bwawani, akauosha mkate ule kama mtu anayeosha muhogo, akaula wote. Halafu kweli aliwaambia wenzake, hilo nililitabiri sawasawa. Walikuja kundi zima, kila mmoja na mkate wake, wakajipanga ukingoni kuosha.

Bwawani kulikuwa na wageni. Walikuwa wakiogelea macho wazi.

Sitaki kuelezea zile kelele. Nilijitosa kuwaokoa, ndiyo maana na mimi macho yamevimba. Owen alisema maneno ambayo mtoto wa watu hapaswi kuambiwa mbele ya wahudumu. Askari wa getini alinisindikiza hadi barabarani, kisha akanirudishia koti.

Jumatatu, 8 Machi.

Siku mbili nimelala na kitambaa cha maji usoni. Leo nimeamka na akili mpya kabisa.

Kwa nini nibembeleze makampuni ya watu? Nitaunda yangu! Shangazi Mwanaima na wenzake wanazika makumbi topeni mpaka yanaoza. Kisha wanayaponda, wanatoa usumba, zile nyuzi zake, wanasokota kamba, wanauza. Hicho si kiwanda? Ni kiwanda! Kimekosa jina na muhuri tu. Nami nitatafiti magodoro ya usumba kwa ajili ya mahoteli. Concepta kawatafiti miaka miwili na hakuona kwamba amekalia kampuni.

Nimekwenda Ukunda kwa Jacktone, fundi anayechonga mihuri kwa wembe kwenye mpira wa kandambili. Nikamwandikia: Kampuni ya Usumba Bora ya Kusini. Akanitazama kwa jicho moja.

"Doc, hii kampuni iko ama ni hewa?"

Nikamwambia iko njiani. Nikataka katikati pawe na mnazi. Amechonga kitu kama fagio, lakini ni fagio lenye heshima.

Jumatano, 10 Machi. Munje.

Nimempigia shangazi shikamoo tangu mlangoni. Alikuwa ameketi mkekani, amechoka, macho mekundu ya msiba. Nikampa pole. Nikaacha kitambo kidogo cha adabu, nikaingia kwenye shughuli. Nikamwambia kuanzia leo yeye ni Mkurugenzi Mkuu.

Akauliza mkurugenzi hufanya nini. Nikasema hafanyi lolote, huo ndio uzuri wake. Wakija wakaguzi wa mfuko aseme tu kwamba yeye ndiye. Akasema mkurugenzi mikono mitupu ni mkurugenzi wa wapi, naye hatasema uongo bila kitu cha kushika. Basi nikamwachia muhuri na pedi ya wino. Akaugonga mara moja kwenye kiganja chake, akautazama muda mrefu, kisha akaufunga pembeni mwa leso na kupiga fundo.

Nitarudi Jumamosi na karatasi zangu agonge. Sijapata kuona mpango mwepesi hivi.

Jumamosi, 13 Machi. Munje.

Kuna foleni.

Kuna foleni mlangoni kwa shangazi! Yeye ameketi kwenye kiti, si mkeka. Watu wa Munje wamesikia kuna muhuri kijijini, na watu wa huku hawaamini karatasi isiyogongwa. Kaja mtu na hati ya kuuziana mbuzi. Kaja mwalimu wa madrasa na orodha ya wanafunzi. Kijana mmoja kaja na barua ya posa, akidai kwa wakwe zake wa kijiji cha Jego barua isiyo na muhuri hurudishwa. Shangazi anasoma kila karatasi, au anaitazama, kisha anagonga kwa nguvu, tii! Wanaondoka wakiomba dua.

Ilipofika zamu yangu akaniambia hapana. Nikadhani nimesikia vibaya. Akasema hizo nyingine ni shida za majirani. Hii yangu ni ya kampuni, na jambo la kampuni haligongwi bila kikao. Wajumbe watakutana Jumanne.

Nikamwuliza wajumbe gani. Akasema wamechaguliwa jana, saba. Kuna mweka hazina!

Jumanne, 16 Machi. Munje.

Kikao kilikaa barazani kwa shangazi. Wajumbe saba, wote shangazi zangu na mama zangu wadogo. Nilifurahi kuwaona. Nikahutubu karibu saa nzima juu ya magodoro, watalii na maendeleo. Wakanisikiliza kwa adabu kubwa, mmoja akisokota kamba. Nilipomaliza waliniambia ahsante, mwanangu.

Kisha mama mdogo Twaiba akaniuliza nilikuwa wapi siku ya maziko.

Nikasema nilikuwa kwenye utafiti. Nikawakumbusha ile sukari.

"Sukari ilikuja," akasema. "Ilifika salama. Wewe hukuja. Maziko hukuyaona, muhuri ndio umeuona?"

Nikajaribu kueleza habari ya tumbili. Haikusaidia. Shangazi Mwanaima akasema kwa upole kwamba marehemu ndiye aliyenibeba nilipougua surua, na siku ya kumzika maji ya kuoshea maiti yalikuwa yanapungua, wakatazama njiani kama kuna mtoto wa kiume wa nyumba hii anakuja na ndoo. Aliyekuja na ndoo alikuwa Concepta. Tena akakaa matanga siku zote tatu, akalala mkekani na wenzake, akakuna nazi mpaka vidole vikachubuka. Mkristo wa bara! Dini yake mbali, kabila lake mbali.

Wakati huo huo nani akatoka jikoni na sinia la mahamri? Concepta, kajifunga leso mbili, kaniambia karibu. Ananikaribisha kwetu!

Wakapiga kura. Kampuni iwe mshirika wa nani, Mbarak au Concepta? Mikono saba. Concepta. Nilinyanyua wangu nikaambiwa si mjumbe.

Iliniuma. Hapa hakuna anayesoma, niseme kweli: iliniuma sana. Shangazi akanilazimisha kula kabla sijaondoka. Nimekula mahamri manne kwa hasira.

Jumatano, 17 Machi. Ukunda.

Muhuri ni mpira wa kandambili tu. Uliochongwa mara moja utachongwa mara mbili.

Nimekwenda kwa Jacktone asubuhi nikataka wa pili. Amekataa. Anasema Mkurugenzi Mkuu alifika hapo jana jioni yeye mwenyewe, akakagua kibanda, akaagiza bango la kampuni na beji saba. Jacktone sasa ndiye mchongaji rasmi. Ameniambia hawezi kumfanyia mathe kitu kama hicho. Mathe! Ni shangazi yangu mimi.

Nilimwambia kampuni yenyewe ni hewa. Akasema kwa hewa, inalipa vizuri.

Ijumaa, 19 Machi. Diani.

Siku ya mwisho. Maombi ya Concepta yametiwa kwenye bahasha saa nne, na kila ukurasa una lile fagio. Dakta Thoya alimpa mkono mbele ya watu wote. Akasema ndiyo mara ya kwanza kuona mshirika aliye hai. Kisha akanigeukia, akatazama saa. Nikaenda kutia vitabu vyangu kwenye katoni. Nilikuwa nimefika kwenye sweta wakati harufu ilipoingia.

Aliyewahi kupita karibu na makumbi yaliyooza haisahau harufu hiyo. Ofisi nzima ilishika pua. Ilikuwa shangazi Mwanaima na wajumbe wawili, beji vifuani, wamekuja moja kwa moja kutoka topeni. Aliketi bila kuambiwa. Akamwambia Dakta Thoya kwamba kampuni ina sharti moja, na bila sharti hilo bahasha ile ifunguliwe na mihuri yake irudi. Mtoto wao asipelekwe bara.

Dakta Thoya akasema kwa heshima kwamba sina mradi. Shangazi akasema anajua.

"Hana akili, lakini ni wetu. Mpe kazi hapa hapa, tutamwona."

Basi nimebaki! Nitakuwa msaidizi wa Concepta, mkusanya makumbi. Meza yangu imehamishiwa stoo, karibu na majembe. Shangazi alipokuwa akitoka alinishika shavu kama alivyofanya nilipokuwa mdogo, na wino wa muhuri ukabaki usoni. Sikuufuta mpaka jioni, sijui kwa nini.

Nikitafakari vizuri, naona ni ile hotuba yangu ya Jumanne. Iliwaingia polepole.

Jumapili, 21 Machi. Munje.

Jana nimeanza kazi. Tope hadi kiunoni, makumbi mgongoni, Concepta juu ya ukingo akiandika vipimo na kuniuliza kama niko sawa. Nimeoga mara tatu. Paka wa shangazi bado ananikwepa.

Lakini leo nimeona jambo ambalo wao hawajaliona. Mimi sasa niko ndani ya kampuni! Na kampuni ina katiba, mweka hazina kanionyesha. Uchaguzi wa Mkurugenzi Mkuu ni mwezi wa sita. Wapiga kura ni wale wale wajumbe saba, na nimewapitia mmoja mmoja kichwani: wote ni damu yangu. Concepta ni mgeni. Nani atamnyima kura mtoto wake mwenyewe?

Kijiji kizima leo kimekwenda Vanga, arusi ya mjukuu wa mama mdogo Twaiba. Walinipitia asubuhi, wamevaa, wanacheka, wakaniambia wamenibakizia nafasi nyuma ya pikapu. Nikawaambia watangulie tu, mimi nina kazi muhimu. Sasa nyumba imetulia kabisa na nimepata utulivu wa kuandika hotuba ya kampeni. Imefika kurasa nane, na sijagusa bado sehemu inayoeleza jinsi ninavyowapenda.