Jogoo wa Elfu Sita na Mia Tano

Jumapili, 12 Oktoba 2025. Asubuhi joto. Mawingu membamba, hayana maana.

Mnada wa kuezeka kanisa. Musyimi, anayegombea kiti cha wadi, amenunua jogoo kwa elfu sita na mia tano. Jogoo wa kawaida tu! Sokoni Ikutha ni elfu moja na mia mbili. Watu wakapiga makofi. Wao waliona sadaka, mimi niliona soko. Ndiyo faida ya kufika kidato cha nne.

Mkebeni mna elfu ishirini na nne, alizotuma mume wangu Mulei kutoka Salama anakofanya kazi. Ni za tangi la maji, linunuliwe kabla ya mvua. Mvua haijafika.

Jumanne, 14 Oktoba. Vumbi.

Nimenunua majogoo kumi na wawili. Muuzaji aliuliza kama nina harusi. Nikamwambia ni uwekezaji. Akaniongezea kamba bure.

Nimebandika kanuni ukutani: Mwekezaji hafuati umati.

Kalekye, dada ya Mulei na jirani yetu, alikuja kuomba chumvi, akawahesabu kwa kidole. Tangu anunue tangi lake ana neno juu ya kila kitu. "Wifi," alisema, "Musyimi hakununua kuku. Alinunua makofi."

Wivu.

Ijumaa, 17 Oktoba. Joto tena.

Macho wazi tangu saa tisa usiku. Kumi na wawili, na kila mmoja anawika kumjibu mwenzake. Wamepigana pia. Banda ni moja.

Nuradin, mwenye hoteli mkabala na kanisa, alikuja kuwaona. Alitaka kutoa elfu moja na mia tatu kwa kila mmoja, wote, pesa mkononi. Tangi lingepatikana na chenji juu. Mtu asiyejua mahesabu angekubali. Nilimweleza kwamba hiyo ni hasara ya elfu tano na mia mbili kila jogoo. Akasema hajawahi kuona mtu akipoteza pesa ambazo hajawahi kuwa nazo.

Jumatano, 22 Oktoba. Mawingu mazito.

Wamebaki wanane. Wanne waliumizana, tukawala. Hasara iliyoliwa na pilipili si hasara.

Nuradin ameshuka hadi mia saba, eti kwa sababu ya macho yaliyovimba na manyoya yaliyong'oka. Nimekataa. Arudi kwanza pale alipokuwa Ijumaa, ndipo tuzungumze.

Mulei alipiga simu kuuliza habari za tangi. Nilimwambia mpango una miguu kumi na sita. Alidhani ni nguzo za kuliwekea, akafurahi.

Jumapili, 26 Oktoba. Ngurumo alfajiri. Harufu ya udongo.

Mnada wa pili. Nilitoa jogoo wangu bora ili bei ipande na Nuradin aisikie. Kipaza sauti hakichagui dini.

Musyimi hakuja. Yuko kanisa lingine wiki hii. Mnada ukaanza na mia tano. Kalekye akasema mia sita, akinitazama. Jogoo wangu, mia sita! Nikasema elfu. Akaongeza mia. Kanisa zima likageuka. Ya katikati siyakumbuki vizuri. Nilishinda kwa elfu tatu na mia nane. Makofi kama hayo sijayapata tangu siku ya harusi yangu. Mchungaji aliniombea kwa jina.

Kalekye alinipa mkono wa hongera. Akanong'ona kwamba mkobani alikuwa na mia sita tu.

Nuradin alinisubiri mlangoni pake. "Mama Kyule, wewe unauza kuku au unanunua?"

Nilimjibu kwamba amesikia mwenyewe. Bei ni elfu tatu na mia nane, mashahidi ni kanisa zima. Bado akasema mia saba. Kuna watu hawasomeki.

Mvua imeanza saa kumi na moja jioni. Maji ya bati langu yamejaza karai na sufuria mbili, mengine yameenda shambani. Ya Kalekye yanaingia kwenye tangi. Nalisikia likijaa, nadhani kwa makusudi. Ametuma ujumbe kwamba kesho nije kuchota. Nitakwenda, kwa adabu, na nitamtajia bei mpya.

Mkebeni zimebaki pesa za majogoo wanne. Nitawafuata Ikutha barabara ikikauka. Mtu haachi biashara ambayo bei imepanda mara tatu mbele ya macho yake, tena akiwa yeye ndiye mnunuzi.

Jogoo bora yumo humu chumbani. Wa thamani hiyo hanyeshewi. Ninalala saa nne na dakika ishirini.