Kidole cha Fundi Hakivai Kofia

Jumatatu, tarehe 3 Juni

Leo nimeng'ara! Naandika haraka kabla utamu haujaisha mdomoni.

Tulikuwa sebuleni kwa mama mkwe, familia nzima, kwa ajili ya gauni la shemeji, mdogo wa mwisho wa mke wangu. Anaolewa Jumamosi. Gauni nimelishona mwenyewe kwa cherehani yangu, na ni zuri, hata wasionipenda wamekiri. Limebaki pindo la chini tu. Mita sita kuzunguka! Na hariri ile ni laini mno, ukiipitisha kwenye cherehani inajikunja kama imeshikwa na tumbo. Pindo la namna hiyo ni la mkono.

Mama mkwe akasema basi lipelekwe kwa yule mama wa nyuma ya soko, anayeshona kwa mkono. Hapo mwanyumba wangu akaingilia. Huyu ameoa dada mkubwa, mimi nimeoa wa kati, na tangu siku hiyo sijapata raha. Anauza dawa dukani, basi ukoo mzima unamwita Daktari. Mimi nashona mwaka wa kumi na nane huu, na bado mama mkwe ananiita "huyu wetu mwingine". Daktari akasema kushona kwa mkono kunaua vidole, na atakayeifanya kazi hiyo, awe nani, avae kastabini, kile kikofia cha chuma cha kukinga kidole.

Nikasimama. Nikasema gauni haliendi popote. Nitalimaliza mimi, kwa mkono, peke yangu, na Ijumaa jioni litakuwa tayari. Kastabini sitaki. Kidole cha fundi hakivai kofia!

Wakacheka, wakapiga makofi. Shemeji akanishika mkono akasema alijua tu sitamwangusha. Katika nyumba ile ndiye peke yake aliyenitetea siku nilipokuja kuposa na suruali iliyofumuka nyuma. Daktari alivitazama vidole vyangu kama mtu anayemtazama kuku aliyekwisha kununuliwa.

Kwa siri ya daftari hili: kwa mkono sijawahi kushona zaidi ya kifungo. Si kitu. Sindano ni sindano.

Jumanne, tarehe 4 Juni

Sentimita themanini. Siku nzima!

Sindano niliyonayo ni ile ya kushonea magodoro. Nene kidogo, lakini imara. Tatizo ni vidole. Kidole cha kati cha kulia, kinachoisukuma, kina shimo. Cha shahada cha kushoto, kinachokaa chini ya kitambaa kuipokea, kimekuwa chujio.

Saa tisa mchana tone la damu likadondoka juu ya hariri. Nyeupe pe! Nikaona harusi nzima ikipita mbele ya macho yangu na kuondoka. Ashukuriwe fundi aliyenifunza kazi: damu yako hutolewa na mate yako mwenyewe. Nikatafuna kipande cha uzi mweupe, nikakisugua pale polepole, doa likapotea. Afueni iliyoje! Nilikaa sakafuni dakika kumi nikipumua tu.

Nikaamua kuvituliza vidole kwa maji ya moto na chumvi. Niliwahi kumsikia mtu akiyasifu. Nimekumbuka baadaye kuwa alikuwa anazungumzia miguu iliyochoka, si vidole vilivyotoboka. Nilitumbukiza mikono yote miwili kwa mpigo.

Jirani alikuja mbio kuuliza nani amefariki. Nikamwambia nilikuwa najaribu sauti, huenda nikaimba kwenye harusi. Akafikiri kidogo, akaniambia nishikilie ushonaji.

Jumatano, tarehe 5 Juni

Nahitaji plasta. Duka la dawa la karibu ni la nani? La Daktari. La pili liko mwendo wa saa nzima, na sina saa nzima.

Nikaenda na mikono mifukoni. Nikasema nataka plasta, za mteja wangu. Akauliza mteja kaumia wapi. Nikasema hapa na pale. Akauliza kidonda kina ukubwa gani. Nikasema kama kitako cha sindano. Akatikisa kichwa kwa huruma, akamtakia mteja nafuu ya haraka. Wakati wa kulipa nikamwomba achukue hela mwenyewe kwenye mfuko wa shati langu. Alichukua, akanirudishia chenji mumo humo, kwa adabu yote. Adabu ya namna ile inaudhi kuliko matusi.

Plasta hazifai! Sindano inaganda kwenye gundi yake, uzi unanasa, kila mshono natoka na manyoya ya pamba. Sentimita sitini tu hadi saa nane.

Lakini gundi hiyo ndiyo iliyonipa akili. Kipe kidole ngozi ya pili! Nina chupa ya gundi kali ya viatu. Nikapaka ncha ya kidole cha kati, nikaipuliza ikauke. Nikajisifu. Nikajikuna pua kwa kidole gumba nikiwaza, kisha nikakigusisha gumba na cha kati kidogo tu, kuona kama imekauka.

Haikuwa imekauka.

Nimekula chakula cha jioni vidole viwili vimeshikana. Mke wangu akaniuliza kwa nini nakaa kama mtu anayeonja chumvi. Nikasema ni msisitizo. Akauliza nasisitiza nini, maana sijasema kitu tangu tuketi. Hatimaye mafuta ya kupikia na maji ya vuguvugu vimeniachanisha, pamoja na ngozi kiasi. Nimefurahi kukiona tena kidole gumba kikiwa huru. Sikujua kama nilikuwa nakipenda hivyo.

Alhamisi, tarehe 6 Juni

Basi nimevaa kofia. Hakuna aliyeona.

Kastabini niliikuta kwenye kopo la vifungo la mke wangu, chini kabisa. Nikafunga mlango. Nikakivika kidole cha shahada cha kushoto, kile kilicho chujio. Kinachovuja ndicho kinachozibwa, hata mtoto anajua.

Na maumivu yakaisha! Ncha ya sindano inagonga chuma, tik, inarudi. Kidole cha kati cha kulia kilikuwa bado kinalia, lakini nikakiambia kivumilie. Nikashona mita nzima kabla ya adhuhuri, nikiimba. Nilikuwa nimeanza kutunga nitakachomwambia Daktari.

Kisha nikaliinua gauni.

Pindo likaanguka. Lote la leo, mita nzima, likafunguka taratibu kama mdomo wa mtu anayepiga miayo. Kwa ile kofia sikuwa nasikia sindano inapita wapi. Nilikuwa nimelishona pindo lenyewe kwa lenyewe, gauni sikuligusa hata uzi mmoja.

Na saa hiyohiyo shemeji akabisha hodi, amekuja kujaribu.

Aliona. Hakulia, na afadhali angelia. Akasema polepole kwamba nisihangaike, shemeji, lipo gauni la dada mkubwa, atavaa lile. Gauni la mke wa Daktari! Lakini hilo halikunichoma kama lililofuata. Akasema yeye ndiye mziwanda, kila nguo aliyowahi kuvaa ilianzia kwa dada zake, hata sare za shule, hata viatu. Hili lilikuwa la kwanza lake peke yake. Ila amezoea, akasema, na akatabasamu ili mimi nijisikie vizuri.

Nikamwambia kesho saa kumi na moja jioni aje achukue gauni lake. Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyokusudia. Alipoondoka nilikaa nikaitazama sindano. Zimebaki mita nne na sentimita sitini, na kikombe cha chai nakishika kwa viganja. Nimeona aibu leo, aibu ya kweli, si ile ya kawaida yangu.

Ijumaa, tarehe 7 Juni

Saa tatu asubuhi, hodi. Daktari, na mfuko wake. Mke wangu ndiye aliyemwita. Kumbe siku zote alijua! Anasema mtu hawezi kupiga yowe, kunuka gundi na kusisitiza ovyo katika wiki moja bila sababu.

Nilitaka kumwambia mwanyumba arudi zake. Nikalikumbuka tabasamu la jana. Nikatoa mikono mifukoni.

Hakucheka. Alivitazama vidole kimoja kimoja, akaguna, akauliza mteja anaendeleaje. Nikasema mteja amezidiwa. Akaniosha kwa maji baridi na sabuni, akanikausha kwa kitambaa safi, akapaka dawa, akafunga kidogo tu pale palipotoboka. Akasema vidole vipumzike saa moja. Aaa! Ule ubaridi! Nusura nimkumbatie, lakini nilijizuia kwa wakati.

Nikasema saa moja hatuna. Akasema anajua. Akavuta kiti, akatoa mfukoni sindano nyembamba kama unywele na kastabini iliyokwaruzika kwa uzee, akaivaa kwenye kidole cha kati cha KULIA, akaanza kushona.

Nilipigwa na butwaa. Mishono midogo, imelala sawasawa, upande wa nje huioni kabisa. Kumbe marehemu mama yake alikuwa anashonea watu kwa mkono, naye amekulia chini ya meza akimtungia uzi. Miaka yote hii hakuwahi kusema. Nikamuuliza kwa nini. Akasema hakuna aliyemuuliza, na katika familia hii fundi ni mimi.

Akanieleza mambo yake bila haraka. Kofia huvaliwa na kidole kinachosukuma. Kile cha chini hakivai kitu, kazi yake ni kuisikia ncha ikija na kukwepa, si kuipokea kwa kifua. Uzi upitishwe kwenye mshumaa, uwe mtelezi, usilazimishwe. Na sindano ya magodoro, akasema, ni ya magodoro. Kisha akaniuliza nashona kwa miaka mingapi vile. Nikamjibu kwamba cherehani haina vidole.

Baada ya saa moja akanipa kofia ya mama yake, tukashona pande mbili tukielekeana, yeye na ile ya mke wangu. Haikuuma! Kweli haikuuma. Kitako cha sindano kinakaa kwenye vishimo vya chuma, unasukuma, inapita. Saa kumi na nusu sindano zetu zikakutana. Yeye mita tatu, mimi moja na sentimita sitini. Tuseme nusu kwa nusu, ukipima kwa jicho la huruma. Kipande changu cha Jumanne na Jumatano kina matundu, ila nilianzia nyuma, chini ya mkia wa gauni, hakuna atakayepainamia.

Shemeji alifika saa kumi na moja kamili. Akalivaa. Akazunguka mara moja, pindo likamfuata kama maji. Akajifunika uso kwa mikono, na safari hii alilia, na mimi nikatazama dirishani kwa sababu ya vumbi. Daktari alikuwa ameshatoka kwa mlango wa nyuma. Aliniomba tu nisimwambie mtu.

Oooh! Nimelala chali nikiandika haya. Sina mfupa hata mmoja unaoniuma, isipokuwa vidole, na hivyo navyo ni kidogo.

Jumamosi, tarehe 8 Juni

Harusi imepita salama! Gauni limetembea, limecheza, limekanyagwa na wajomba wawili, pindo halikufunguka hata mshono mmoja. Kila lilipopita mbele yangu nilipumua upya.

Wakati wa kutoa shukrani mama mkwe alisimama akaomba watu watazame pindo lile. Akasema limeshonwa kwa mkono na mkwe wake, fundi. FUNDI! Mbele za watu! Shemeji akanijia, akanishika mikono, akaziona plasta, akasema hajawahi kupewa kitu kilichomgharimu mtu hivi.

Daktari alikuwa nyuma ya ukumbi, anapiga makofi kuliko wote. Nikamwona. Nikajua la kufanya. Nikafungua mdomo niseme ukweli wote.

Nikasema ilikuwa kazi ndogo tu.

Jumapili, tarehe 9 Juni

Nimeamka nikiwa mtu mwingine. Nimeenda mapema kwa Daktari kumshukuru. Nilimshukuru sana. Akaniambia ile kastabini ya mama yake nikae nayo, mimi ndiye fundi, na mama angefurahi. Nikaiweka mfukoni nikaapa moyoni kwamba kuanzia leo nitakuwa mtu wa kuuliza.

Tukatoka pamoja kwenda kwa mama mkwe kula chakula kilichobaki. Mama mkwe akasema, baada ya kuliona lile pindo, anataka mapazia ya nyumba nzima yapindwe kwa mkono vilevile. Madirisha kumi na mawili. Kitambaa kizito. Akatutazama sote mezani akauliza nani ataiweza.

Daktari akakohoa. Akaanza kusema kwamba kazi kama hiyo, kwa maoni yake, wakisaidiana watu wawili...

Sijui nilisimama saa ngapi. Nilisikia tu sauti yangu. Mimi! Kwa mkono! Peke yangu! Kabla ya Jumamosi! Na ili pasiwe na mashaka nikaitoa ile kastabini mfukoni, nikamrudishia mwanyumba mbele ya wote, kwa heshima, nikawakumbusha kuhusu kidole cha fundi.

Makofi! Mama mkwe ameniongezea nyama.

Saa kumi jioni. Nyumbani. Ile sindano ya magodoro ipo palepale nilipoiacha, kitambaa kizito kinataka sindano imara. Dirisha la kwanza, mshono wa nne. Yalaaa!

Si kitu. Sijui tu mke wangu ameiweka wapi ile gundi.