Gari la Bosi Marumaru Linaongea

Siku trafiki alipomsimamisha Bosi Marumaru kwa kosa la kushika simu huku anaendesha, watu wote waliokuwa kibarazani kwa kinyozi walicheka, isipokuwa mmoja. Huyo alikuwa na povu nusu ya uso, na hakucheka kwa sababu akili yake ilikuwa kazini. Mjini alijulikana kama Injinia. Cheo hicho alipewa na nani? Na yeye mwenyewe. Chuo alichosomea hakijajengwa mpaka leo.

Bosi Marumaru aliuza vigae, masinki na vyoo vya kukaa. Pale barabarani alikuwa anatoa leseni kwa mkono wa kushoto, huku wa kulia bado umebana simu sikioni, anamgombeza mtu wa stoo. Trafiki alishachoka kumwandikia faini. Gari lenyewe lilikuwa zee la heshima, zuri, linang'aa, lakini halikujua simu ni mdudu gani.

"Nifute povu," Injinia akamwambia kinyozi.

"Kaka, upande mmoja bado una ndevu!"

"Zitanisubiri. Riziki yangu imesimamishwa na trafiki pale, ikiachiwa nimeikosa."

Akavuka barabara mbio. Trafiki alipoondoka tu, Injinia akainama dirishani kwa huzuni ya mtu aliyefika msibani.

"Pole, Bosi wangu. Mtu mzima kufokewa hadharani! Na wenzako siku hizi wanaliambia gari tu, 'Nipigie fulani,' linapiga. Mikono iko kwenye usukani, mdomo ndio unafanya kazi."

Bosi akamtazama upande wenye ndevu, kisha upande usio na ndevu. "Wewe nani?"

"Injinia wa mawasiliano ya magari."

"Mbona umenyolewa nusu?"

"Niliitwa kwenye dharura, Bosi. Dharura ndiyo wewe."

"Fundi wangu wa gereji kasema gari hili haliwezi mambo hayo. Ni la zamani."

"Yule anajua bolti, na namheshimu kwa bolti zake. Mimi natia akili. Gari la zamani ndilo zuri zaidi, limetulia, halina papara za ujana."

Bosi alipenda sana kusikia mali zake zikisifiwa. Akafungua mlango.

Sasa tusimsingizie mtu. Injinia hakuwa na tamaa ya malipo ya kufunga kifaa, ingawa aliyachukua. Alichokuwa anakilenga ni chumba cha kona. Bosi alikuwa na jengo la maduka pale barabara kuu, na chumba cha mwisho, chenye vioo pande mbili, kilikuwa kitupu. Kila mtu alikitaka. Bosi alichagua wapangaji kama mtu anayechagua mkwe, na mpaka siku hiyo hakuna aliyempendeza. Injinia alikuwa amefanya biashara miaka yote chini ya mapaa ya watu, huku jicho moja likitazama njia ya kukimbilia. Alichoka. Alitaka mlango wake mwenyewe na kibao chenye jina, ili wateja wakija kulalamika angalau wabishe hodi kwanza.

Basi akarudi nyumbani kwa shangazi yake, ambaye ndiye aliyemlea na ndiye aliyekuwa anamlisha mpaka sasa, na akamweleza mpango. Shangazi alikuwa mjane, mshonaji wa nguo, cherehani yake imebanwa kwenye korido isiyo na mwanga. Lakini ujanani alikuwa opareta wa simu katika ofisi kubwa, enzi zile za kuchomeka waya huku na huku, na sauti yake ilikuwa bado inanyoosha watu migongo.

"Nitafunga kiboksi cheusi chini ya siti," Injinia akasema. "Ndani yake kuna simu yangu kuukuu, inajipokea yenyewe. Waya mmoja unakwenda kwenye umeme wa gari, mwingine kwenye spika. Asubuhi unaipigia, unaacha laini wazi kutwa nzima, kifurushi nanunua mimi. Bosi akisema 'Piga stoo,' unapiga stoo, unawaunganisha. Basi."

"Yaani mashine yenyewe ni mimi?"

"Wewe ndiye moyo wa mashine, Shangazi."

"Na moyo unakula nini?"

"Nusu ya chumba cha kona. Bosi akishaliamini gari, gari litamwambia ampe Injinia. Cherehani yako tutaiweka kwenye kioo, mwanga mpaka utafute miwani ya jua."

Shangazi akatazama korido yake. Akakubali.

Siku ya kwanza baada ya kifaa kufungwa, Bosi aliwasha gari, akakohoa, akasema kwa sauti ya amri, "Piga stoo!"

Kimya.

"We gari! Nimesema piga stoo!"

"Hujanisalimia," gari likasema.

Bosi nusura aligongeshe gari kwenye ukuta wa hospitali iliyokuwa mbele yake. Injinia, aliyekaa pembeni yake, akashtuka pia, kwa maana hilo halikuwa kwenye mpango. Lakini Shangazi alikuwa Shangazi. Hakuna mtu aliyewahi kumfokea kabla ya kumwamkia, na hakuona sababu ya kuanza uzeeni kwa kuwa tu amegeuka gari.

"Eh... ndivyo lilivyo, Bosi," Injinia akajitutumua. "Hili ni toleo la adabu. Gari lina umri, ni lazima uliamkie."

Bosi Marumaru, ambaye hakumwamkia hata mkwewe, akatazama huku na huku kama kuna anayemwona. Akashusha sauti.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Umeamkaje? Haya, nakuunganisha na stoo."

Na stoo ikapokea. Bosi akaongea, mikono yote miwili kwenye usukani, uso umemng'aa. Akampita trafiki akimpungia, kitu ambacho trafiki yule hakukielewa siku nzima.

Ikawa raha juu ya raha. Bosi akawa anaanza kila siku kwa shikamoo, anauliza hali, anaaga akishuka. Wafanyakazi wake wakaanza kunong'onezana kuwa mzee anaamkia gari, huenda amerogwa. Yeye hakujali. Kisha likatokea jambo lililommaliza kabisa. Siku moja alimaliza kuongea na mtu wa stoo, lakini Shangazi, kwa mazoea ya kazi yake ya zamani, hakukata haraka. Akamsikia mtu wa stoo akimwambia mwenzake, "Ameshaamini. Yatoe yale masinki kwa mlango wa nyuma."

"Mwanangu," gari likasema, "geuza. Nenda mlango wa nyuma wa stoo, na usipige honi."

Bosi akawakuta wamekumbatia sinki kama wachumba. Tangu siku hiyo, gari lingemwambia Bosi aache kula, angeacha.

Injinia aliposikia habari hizo alicheza peke yake chumbani. Chumba cha kona kilikuwa kinanukia rangi puani mwake. Lakini wajanja wana ugonjwa mmoja: mpango ukienda vizuri, wanaona haya kuuacha uende wenyewe, ni lazima waongeze chumvi. Akaomba lifti kwa Bosi, eti akague kifaa, na humo njiani akaanza kujiliza.

"Bosi, sisi wengine tumetupwa tu duniani. Mimi sina baba, sina mama, sina hata mahali pa kuweka bisibisi zangu."

"Huna ndugu?" Bosi akauliza.

"Nilikuwa na shangazi. Ndiye aliyenilea. Alikuwa malaika." Akafuta jicho. "Amefariki, Bosi. Hata mwezi haujapita."

Gari likakohoa.

Hapo ndipo Injinia alipokumbuka kwamba laini iko wazi.

"Pole sana, fundi," gari likasema taratibu. "Alikufa kwa ugonjwa gani?"

"Pre... presha."

"Presha! Masikini. Na wewe ulimfanyia nini alipokuwa anaumwa?"

"Nilimuuguza," Injinia akasema, sauti imekuwa nyembamba kama ya kifaranga.

"Ulimuuguza. Mungu akulipe sawasawa na ulivyomuuguza."

Bosi akatoa leso akapenga kamasi. "Unaona? Gari lina utu kuliko binadamu. Hebu niambie, mama yangu, kile chumba cha kona nimpe nani? Nimpe huyu yatima?"

Injinia akafumba macho.

"Kesho asubuhi nenda na funguo," gari likajibu. "Anayestahili utamkuta mlangoni."

Injinia akashusha pumzi. Alipofika nyumbani akapiga magoti pale pale kwenye korido. "Shangazi, nisamehe, ilikuwa biashara tu!"

"Najua, mwanangu," Shangazi akasema, akimmiminia chai. "Ongeza sukari."

Hakununa wala hakumtolea hata tusi moja. Mjanja kama Injinia alipaswa kuiogopa chai ile kuliko sumu. Yeye akanywa, akaongeza kikombe, akaenda kuandika kibao chake.

Asubuhi alikuwa mlangoni mapema, shati limenyooka, ndevu zimenyolewa pande zote mbili, kibao begani: INJINIA NA WENZAKE. Wenzake hawakuwapo, lakini jina lilipendeza. Gari la Bosi likasimama. Bosi akashuka na funguo, na kabla hajazitoa, mkokoteni ukakata kona. Juu yake kulikuwa na cherehani, na nyuma yake Shangazi, kavaa nguo yake ya kutokea.

"Umeamkaje, mwanangu?" akamuuliza Bosi.

Bosi akageuka kulitazama gari. Limezimwa, milango imefungwa. Akamtazama mama. Akalitazama gari tena.

"Shi... shikamoo," akasema, hajui anamwambia nani kati ya wawili hao.

"Marahaba. Ndiyo, ni mimi. Ninayeongea ndani ya gari lako ni mimi, naketi jikoni kwangu na simu. Na yule shangazi aliyekufa kwa presha pia ni mimi."

"Bosi, huyu mama simjui!" Injinia akapayuka.

"Hunijui? Basi nirudishie hilo shati, nimelipiga pasi mimi leo alfajiri."

Bosi akakaa kwenye ngazi. Uso ukambadilika rangi, na Injinia akaanza kupiga hatua ndogo ndogo za kurudi nyuma.

"Yaani kumbe nilikuwa naamkia mtu," Bosi akasema mwishowe.

"Na hukukosea, umri wangu unaruhusu," Shangazi akasema. "Nimekosa, nakiri. Lakini sikukuibia, na waliokuibia nilikuonyesha. Kama ni kosa la jela, nipeleke. Nilitaka tu mahali penye mwanga nione uzi unapoingia kwenye sindano."

Bosi alikuwa na hasira, tena nyingi, lakini kila alipojaribu kuitoa kwa mama yule, ulimi ulikataa. Alikuwa ameshamzoea. Ilimuuma zaidi kufikiri kwamba kesho ataingia garini asisikie mtu wa kumuuliza ameamkaje. Akanyoosha mkono, akamkabidhi funguo.

"Ila mlango huu," akasema, "nitakuwa napita kusalimia."

"Pita, mwanangu."

Kisha Bosi akaruka kutoka kwenye ngazi kwa wepesi ambao hakuna aliyeutegemea, akamkamata Injinia ukosi wa shati akiwa ameshafika kwenye mtaro.

"Wewe unakwenda wapi? Nilinunua kifaa cha kupiga simu. Kifaa kimeshapata duka. Sasa changu kiko wapi?"

"Bosi, naweza kukufungia kingine, kipya, cha kisasa..."

"Kituo cha polisi kiko kulia. Gari langu liko kushoto. Chagua."

Injinia akamtazama Shangazi. Shangazi alikuwa anaingiza cherehani dukani, akiwaelekeza wenye mkokoteni waisogeze zaidi kwenye kioo. Hakugeuka. Injinia akatua kibao chake chini, akaelekea kushoto, akashika kitasa cha mlango wa mbele.

"Nyuma," Bosi akasema. "Kifaa hakikai mbele."

Akaingia nyuma. Akakaa katikati ya sampuli za vigae na koki za bafuni, simu mkononi, magoti yamegusa kidevu.

"Bosi, nitakaa humu mpaka lini?"

"Mpaka uharibike." Bosi akawasha gari, akaweka mikono yote miwili kwenye usukani. "Haya. Mpigie mke wangu, mwambie leo nachelewa. Na ongea kwa heshima. Halafu funga mkanda, sitaki faini nyingine."

Kifaa kikafunga mkanda.