Leseni ya Dubu Mmoja

Shamba la Bwana Halidei,
Ruiru.
2 Mei 1959

Kwa Mkuu wa Wanyama wa Porini,
Nairobi.

Mheshimiwa,

Mimi ni Mwalimu Ephantus Ndung'u. Nilifundisha shule za misheni miaka ishirini na sita, na sasa ni mkalimani wa shamba hili la kahawa. Nakuandikia kwa unyenyekevu kulalamika juu ya upungufu wa dubu kati ya Ruiru na Thika.

Naanza mwanzo, ili nisikusumbue kwa barua ya pili. Bwana Halidei alikuja mwaka jana kutoka Kanada. Kwao, theluji ikiyeyuka na majani yakichipua, wanaume huenda kuwinda dubu. Leseni yake ya hapa ina orodha ya wanyama, na chini ya orodha, palipobaki wazi, aliandika kwa kalamu yake mwenyewe: dubu, mmoja. Mwezi wa tatu alitukusanya mbele ya ghala kuukuu la magunia, akasema siku atakapompata dubu wake, ghala hilo litakuwa shule.

Mheshimiwa, nina watoto sitini na mmoja wanaosoma chini ya meza za kuanikia kahawa. Mvua ikinyesha, hesabu hufutika kwenye vibao kabla sijazisahihisha. Kwa hiyo nilitafsiri ahadi ile kwa sauti kubwa sana, na sikuuliza swali.

Matatizo ya msimu wetu wa kwanza ni haya:

1. Lugha. Kwa Kiingereza, majira ya kuchipua na chemchemi ya maji ni neno moja, na ile waya iliyojipinda ndani ya kitanda ni neno hilo hilo. Bwana alisema dubu wa majira. Mimi nikatafsiri dubu wa chemchemi. Tulikaa siku tatu kwenye chemchemi ya Gatong'ora, wanaume tisa na bunduki moja, tukiwazuia wanawake kuteka maji. Siku ya tatu mke wangu Wakonyo aliteremka na debe lake, akapita katikati yetu. "Baba Warigia," aliniambia, "huyo mnyama wenu akisikia kiu atasimama kwenye mstari, nyuma yangu." Tukaondoka. Nashukuru tu kwamba sikuanza na maana ya kitanda.

2. Majira yenyewe. Bwana amenieleza kwamba dubu hulala wakati wote wa baridi, kisha huamka na njaa majani yakichipua. Sasa, baridi yetu ni Julai, na baada yake hakuchipui kitu. Dubu wa Ruiru ataamka Septemba akute vumbi. Nani atamwelekeza? Naomba ofisi yako ilifikirie jambo hili.

3. Hakuna anayemfahamu. Mimi namjua kwa Maandiko tu, pale dubu wawili walipotoka msituni kwa ajili ya vijana waliomcheka nabii kwa upara wake. Mimi pia nina upara, na somo hilo hulirudia kila muhula. Ilibidi nimweleze Kisilu, Mkamba anayetufuatia nyayo: ni mnene, anapenda asali, hulala miezi mingi, na akiamshwa huwa mkali. "Mwalimu," akasema, "huyo si mnyama. Huyo ni nyapara wetu."

4. Nyayo. Tuliweka bakuli la asali kando ya mto. Asubuhi lilikuwa tupu, na matopeni kulikuwa na alama za akala, viatu vya mpira wa gari. Bwana alizipima, akaandika katika daftari lake kwamba dubu wa nchi hii ana mistari chini ya mguu. Nyapara wetu Erastus alikubali kwa kichwa, ndevu zikiwa zimenata. Bwana akaagiza bakuli la pili. Kicheko cha watu sikukitafsiri.

5. Muda. Bwana ameanza kukata tamaa. Amesema Jumamosi ijayo, bila dubu, ghala litawekwa trekta.

Kwa sababu hizo, naiomba Serikali itupatie dubu mmoja, aletwe kwa treni hadi stesheni ya Ruiru. Si lazima awe kijana. Asiye na meno atatufaa zaidi. Kama aliye hai hapatikani, tutapokea aliyekufa. Kama huyo naye hayuko, tutapokea ngozi. Kama hakuna ngozi, basi barua yenye muhuri wako, kwamba dubu alikuwapo hapa na amehama. Kuhusu pasi ya kusafiri, naelewa hali ya nchi. Hata mimi siendi Thika bila pasi. Aandikiwe ya kwake, na pale pa kabila paachwe wazi.

Wasalimie makarani wako, askari wa langoni, na wanyama wote walio chini ya mamlaka yako.

Ni mimi mtumishi wako, bado nikingoja,
Mwl. Ephantus Ndung'u

Nyongeza: Nilikuwa nimeshaifunga barua hii. Jana mvua ilizidi, nikawaingiza watoto ghalani bila ruhusa. Ili watulie, niliwaambia kila mmoja achore dubu wake ukutani kwa makaa, kama nilivyowaeleza alivyo. Bwana alikuja amekasirika, akasimama mlangoni. Dubu mmoja alikuwa na pembe, wengi walivaa akala, na mmoja alikuwa na upara na miwani. Bwana aliketi juu ya gunia akacheka mpaka akajifuta macho. Kisha akaniuliza kama mnyama huyu amewahi kuonekana hapa. Kwa mara ya kwanza nilimjibu bila kutafsiri chochote: hapana, Bwana. Akanipa ufunguo.

Basi usilete dubu. Kama ameshapakiwa, ateremshwe Nairobi, maana ghala limejaa. Limebaki jambo moja dogo: leseni ya Bwana ni ya dubu mmoja, na sasa tunao sitini na mmoja. Naomba kuelezwa kama hao sitini wa ziada ni kosa.