Leza ya Machochwe

Jumatatu, 2 Agosti 1976
Leo mimi Kornelio, mkazi wa kijiji cha ujamaa cha Machochwe, kwa akili timamu, natangaza kuufuta mkono wangu wa kushoto. Yaani maandishi yake. MAUA, kwa sindano na masizi meusi, na kopa jekundu la wino chini yake. Ujana! Maua mwenyewe sasa ana watoto watatu Tarime. Jumamosi naenda kwa Mzee Nyangwine kumposa binti yake, Wegesa. Mzee huyo kila mposaji humpeleka kwanza joshoni kuogesha ng'ombe, shati chini.

Nimekwisha? Wapi! Redio imesema Ulaya kuna mwanga uitwao leza. Unapiga rangi chini ya ngozi, inavunjikavunjika, mwili unazoa vumbi lake. Nyeusi humeza mwanga wowote, huvunjika upesi. Nyekundu hurudisha mwanga mwekundu, hutaka wa kijani. Kuhusu muda wa kupiga sikusikia. Jirani Joram alikuwa anaswaga ng'ombe, wanalia.

Jumanne, 3 Agosti
Nimeazima lenzi ya Athuman, fundi saa wa Mugumu. Kauliza ya nini. Nikasema utafiti. Kasema basi nisiitafiti moja kwa moja, niirudishe.

Jumatano, 4 Agosti
Jua la saa saba. Lenzi juu ya M, kisha A, U, A. Moshi! Nyeusi kweli humeza mwanga. Nimethibitisha kwa mayowe. Dada yangu Robi kauliza nani anachoma nyama bila kuita wenzake.

Alhamisi, 5 Agosti
Kopa. Nimepitisha jua kwenye chupa ya kijani. Ilibidi kwanza niimalize bia yake. Kopa halikushtuka. Mimi nililala.

Jumamosi, 7 Agosti
Joshoni. Nilifunga kitambaa mkononi. Joram, naye anamtaka Wegesa, akapaza sauti kwamba dawa ya josho ni sumu kwenye kidonda. Mzee akaamuru nifungue. Malengelenge! Herufi zimevimba kama mandazi.

Mzee kamaliza darasa la watu wazima mwezi jana, anasoma kila kitu, hata magunia. Akanisoma mbele ya wote. Ma. U. A. Maua! Akapigiwa makofi, asiulize ni nani. Akasema kijana anayependa kusoma hadi mwilini ni mtu wa maana. Nirudi baada ya mavuno, tuongee ng'ombe. Joram kanuna!

Jumapili, 8 Agosti
Furaha! Nimechanjwa WEGESA mkono wa kulia, kwa wino wa kijani, maana redio inasema huo ni mgumu kufutika. Robi kanitazama sana. Kasema Wegesa mwenyewe bado hajaulizwa.